Pesa Iliyolala Siku 28

Siku ya 19 ya kulaza hela ya viza ya masomo ya Uingereza, ukaingia msiba Tandika. Shemeji yangu, mjane wa kaka yangu, akatoa laki sita benki, akaenda kwa wafiwa, na walipomaliza kuzika akarudi Kariakoo kufungua fremu kama kawaida. Hakumwambia mtu, maana hakuona la kumwambia mtu. Umefiwa na mama mdogo, unatoa hela, unazika. Tulikuja kugundua siku ya kuchukua stetimenti. Karani alipokwisha kuigonga muhuri na kutusogezea chini ya kioo, nikapitisha kidole kwenye safu ya salio, mstari kwa mstari, hadi nikaifikia Alhamisi ile. Salio lilikuwa limeshuka chini ya kiwango. Ijumaa vilevile. Jumamosi shemeji alikuwa ameshalijaza tena kwa mauzo ya madira, na chenji juu. Lakini Alhamisi na Ijumaa zilikwisha kuharibika, na hesabu yetu ya siku 28 ikarudi moja.

Mwenye safari ni mtoto wa marehemu kaka yangu, yaani mwanangu. Kamaliza kidato cha sita, tahasusi ya EGM (uchumi, jiografia na hisabati), akapata udahili katika chuo kimoja kaskazini mwa Uingereza. Wazazi wengi wa Dar wanadhani kazi ni kupata udahili. Hapana. Barua ya udahili ilikuja kwa barua pepe tukiwa hatujamaliza hata kuiombea dua. Kilichotutoa jasho ni pesa, na wala si kuipata, kwani tuliipata. Ni kuilaza.

Kanuni yenyewe haina fumbo. Tangu Novemba 2025, mwanafunzi anayekwenda kusoma Uingereza nje ya London anatakiwa kuonyesha pauni 1,171 za kujikimu kwa kila mwezi wa masomo, mwisho miezi 9, yaani pauni 10,539. Wa London ni pauni 1,529 kwa mwezi, jumla pauni 13,761. Juu yake weka ada ya mwaka wa kwanza ambayo hujailipa. Kwa shilingi, hela ya kujikimu peke yake inavuka milioni 30 kwa huko mikoani kwao na milioni 40 kwa London. Hela hiyo ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja, na siku ya 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 unapowasilisha maombi.

Kiwango chenyewe sikilalamikii. Chumba cha London si chumba cha Sinza, na mwanafunzi anayetua na pauni 300 mfukoni anakuwa mzigo wa Watanzania wenzake kabla hajawa mzigo wa serikali ya watu. Viza yenyewe inamruhusu kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo. Akizidisha anavunja masharti, na asipozidisha analala njaa. Nchi inayouliza "utakula nini?" imeuliza swali la haki. Ninacholalamikia ni namna ya jibu linalokubalika. Afisa haulizi kama familia ina uwezo wa kumsomesha kijana. Anauliza kama familia ina pesa isiyofanya kazi yoyote.

Na kwetu pesa isiyofanya kazi ni aibu.

Mtazame shemeji. Ana fremu ya madira na vitenge Mtaa wa Congo. Si tajiri, lakini amesomesha watatu, na tangu kaka afariki hajawahi kuja kwangu kuomba ada. Hela yake haikai. Asubuhi ni mauzo, saa sita imeshakwenda kwa simu kwa anayemfuatia mzigo, jioni ni zamu ya mchezo, Jumamosi ni vikoba, na baada ya miezi 6 mwenye fremu anataka kodi yake yote kwa mkupuo. Hela ikilala kwake siku tatu anaumwa kichwa, maana ni siku tatu ambazo mzigo umeingia sokoni na yeye hakuuwahi. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, mtu kama yeye anaweza kuendesha biashara mwaka mzima bila kuiona kaunta ya benki. Ukimwambia milioni hamsini na kitu zikae mwezi mmoja zisiguswe, kwake ni sawa na kumwambia aegeshe daladala mwezi mzima ili watu waone kwamba analo.

Kuna na sababu nyingine ambayo wafanyabiashara wa Kariakoo hawaisemi mbele ya kipaza sauti: stetimenti nene inaweza kusomwa na TRA, watu wa kodi. Kwa hiyo mtu anajitahidi miaka 15 ili benki isijue anachokipata, kisha mwaka wa 16 mtoto anapata udahili na baba anataka benki imtolee ushahidi. Huyo simwonei huruma sana.

Anayepita kiulaini ni nani basi? Ni mwenye mshahara. Tarehe 25 mshahara unaingia, stetimenti inasomeka kama saa ya ukutani. Sisemi hawastahili. Nasema kwamba mtumishi mwenye mshahara na mkopo juu yake anaweza kuonekana imara kuliko mama wa Mtaa wa Congo asiyedaiwa hata shilingi, kwa sababu maisha ya yule yamepangwa kwa mistari ambayo afisa ameizoea.

Kiwanja ndiyo kichekesho kikubwa zaidi. Kaka aliacha kiwanja Goba. Kwa miaka mingi ukoo mzima ulikijua kwa jina moja: shule ya watoto. Kila aliyekuja na wazo la kukijenga tulimwambia hicho ni shule ya watoto. Kwa mtu wa Dar hakuna akiba imara kama hiyo, kwani shilingi inashuka na kiwanja kinapanda. Lakini kwa kanuni ya viza kiwanja si hela. Basi tukakiuza. Mkataba tukauandikia kwa wakili, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akashuhudia na kugonga muhuri wake wa zambarau, nusu ya muhuri ikaangukia nje ya karatasi. Nikawa nautazama muhuri ule najiuliza afisa wa huko, ambaye hajawahi kumwona mwenyekiti wa mtaa akiwa na kandambili ofisini, ataupima vipi.

Zingatia mpangilio wa mambo hapo. Kiwanja kinauzwa kwanza, jibu linakuja baadaye. Viza ikikataliwa, ada yake ya maombi (ilikuwa pauni 524 mwaka 2025) hairudi. Tozo ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, inarudishwa. Kiwanja cha Goba hakirudishwi na mtu. Familia inayofuata kanuni herufi kwa herufi ndiyo inayocheza kamari kubwa kuliko zote, na inaicheza kabla ya kujua kama mlango utafunguliwa.

Ndiyo maana mtu wa Sinza hakosi wateja.

Anajiita mshauri wa elimu ya nje. Ofisi ni chumba kimoja ghorofa ya kwanza juu ya duka la dawa, ukutani bendera sita na picha ya wazungu waliovaa majoho. Hakutuuliza kijana amepata daraja gani. Aliuliza, "Hela ya kuonyesha mnayo?" Tulipomwambia tunaikusanya, akacheka kwa upole, kama daktari anayemsikia mgonjwa akisema atatumia mizizi. Yeye angetuwekea kiasi chote kwa siku 28, kadi ya benki na namba ya siri abaki nazo yeye, na sisi tungempa milioni mbili na nusu, taslimu, mapema. Siku ya 29 anachomoa chake anakwenda kukilaza kwa mtoto mwingine.

Nakiri nilivutiwa. Kwa hesabu ya duka, milioni mbili na nusu ni nafuu kuliko kiwanja. Nilichokifikiria njiani kurudi ni hiki: yule bwana ndiye mtu pekee Dar es Salaam ambaye pesa yake kazi yake ni kulala. Kanuni imemuumba. Ukitunga sheria inayotaka kitu ambacho familia nyingi hazina kwa umbile la maisha yao, umemfungulia biashara anayekikodisha.

Anachokodisha kina meno. Ikibainika umedanganya kwenye maombi, Uingereza inaweza kukufungia miaka 10. Canada ni miaka 5. Marekani ni maisha, labda upate msamaha maalumu. Na anayefungiwa ni kijana, jina lake na alama zake za vidole. Mtu wa Sinza wakati huo atakuwa amehamia Mwenge na bendera zake sita. Tena si lazima wagundue kwa kupiga simu benki. Mwombaji anaweza kuitwa kwenye mahojiano kwa njia ya video, akaulizwa hela hii imetoka wapi, na kijana wa miaka 20 aliyelelewa asiseme uongo mbele ya wakubwa ataanza kutazama dari.

Sasa nije kwenye jambo lililoniuma binafsi. Mwanzo hela zote zilikusanywa kwenye akaunti yangu. Lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Mimi ndiye mdogo wa marehemu, ndiye niliyesimama kwenye kikao cha ukoo, ndiye msimamizi wa kundi letu la WhatsApp lenye orodha ya michango: shangazi wa Tanga laki mbili, tiki, binamu wa Mwanza laki moja, ahadi. Tulipotuma nyaraka chuoni wazitazame kabla ya kututolea hati ya udahili inayohitajika kwa viza, wakajibu kwa adabu kwamba mwenye akaunti si mzazi.

Nilisoma sentensi ile mara tatu.

Kwa kijana asiye na mke wala ufadhili rasmi, kanuni inakubali akaunti ya mwombaji mwenyewe, ya mzazi wake, au ya mlezi wake wa kisheria. Na kwenye Kiingereza chao mimi ni anko. Kwetu ndugu wa kiume wa baba haitwi hivyo. Mimi ni baba mdogo. Kakaye baba ni baba mkubwa. Hakuna aliyeketi akatunga maneno haya kwa ajili ya kupendeza. Yanataja kazi. Baba akifa, baba yupo. Niliyempeleka kijana kuanza darasa la kwanza ni mimi, na aliyeitwa shuleni alipopigana ni mimi. Lakini fomu haina kisanduku cha baba mdogo, ina cha baba, na kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA jina la baba ni la mtu aliyelala makaburi ya Kisutu.

Basi niwe mlezi wa kisheria? Nikamuuliza wakili. Akaniambia nimechelewa. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na mahakama haiwezi kunikabidhi malezi ya mwanamume wa miaka 20 mwenye ndevu. Miaka yote niliyomlea kweli sikuhitaji karatasi. Nilipoihitaji karatasi, hakuna tena mtoto wa kulea.

Msomaji atauliza kwa nini tusingeiweka kwa kijana mwenyewe. Tuliliwaza. Akaunti yake ni ya mwanafunzi, muamala mkubwa kuliko yote ni elfu 70. Stetimenti kama hiyo ikimezwa ghafla na milioni hamsini ndiyo hasa ambayo afisa yeyote mwenye akili ataitilia shaka. Zikahamishiwa kwa shemeji, pamoja na barua ya ridhaa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kuonyesha kuwa yeye ndiye mama.

Hapo likaibuka la herufi. Kwenye cheti cha kuzaliwa jina la shemeji linaishia na irabu, kama Mswahili yeyote anavyolitamka. Kwenye kitambulisho cha NIDA na kwenye akaunti ya benki irabu ile haipo. Karani mmoja alisikiliza, mwingine alinakili. Kwetu sisi ni mtu yuleyule, hata mwenye duka la jirani angecheka ukimuuliza. Lakini mwenye kusoma akiwa mbali anaona wanawake wawili, mmoja kazaa na mwingine ana hela. Tukala kiapo cha maandishi kwa wakili, elfu 30, na siku mbili zikapotea.

Ndipo hesabu ya siku 28 ikaanza. Ndipo msiba wa Tandika.

Nimejiuliza kama nchi nyingine zina busara zaidi. Wajerumani nawapa heshima yao. Wao wanataka akaunti maalumu iliyofungwa, na tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka. Ukishaweka, hawakuulizi ililala siku ngapi wala baba ni nani. Kijana akifika anajitolea euro 992 kila mwezi hadi iishe. Ile ni pesa yenye kazi: imefungwa kwa ajili ya kuliwa, na anayeila ni yuleyule aliyewekewa. Vyuo vingi vya umma huko havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg linatoza wageni wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Ubaya wake ni kwamba lazima uwe nayo yote mwanzoni, hakuna kudunduliza. Lakini walau mtu wa Sinza hana cha kukukodishia, kwa sababu akiiweka humo haitoki hadi kijana aitoe.

Canada hadi mwisho wa 2023 ilikuwa ikiomba dola 10,000 za kwao za kujikimu. Januari 2024 zikawa 20,635, na Septemba 2025 zikawa 22,895, ada na nauli mbali. Huko wanataka kuona miezi 4 ya stetimenti. Kwa hiyo mwezi mmoja wa kulaza hautoshi, wanataka kuona pesa ikikua. Hilo kwa mama wa Kariakoo lina nafuu, maana mwenendo wa biashara unaonekana. Tatizo ni kwamba unaweza kuwa na hela yote na bado barua ikaja na sentensi ile maarufu, kwamba afisa hajaridhika kuwa utaondoka Canada muda wako ukiisha. Marekani wamelipeleka mbali zaidi. Sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952, kifungu cha 214(b), inamhesabu mwombaji kuwa anataka kuhamia moja kwa moja hadi athibitishe vinginevyo. Mwambie kijana wa miaka 20 athibitishe atarudi. Hana nyumba, hana mke, hana kazi, na anakwenda kusoma kwa sababu hivyo vyote hana bado. Kwa sasa hata mjadala huo umekwisha, maana kwa tangazo la Desemba 2025 Tanzania iliingizwa kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamesimamishiwa viza kadhaa, za wanafunzi zikiwemo, kuanzia 1 Januari 2026.

Kuna jambo moja kuhusu Uingereza ambalo wengi hawalijui na ndilo linalonifanya nisiamini kwamba siku 28 ni suala la hesabu tupu. Raia wa nchi kadhaa hawalazimiki kuambatisha stetimenti wanapotuma maombi. Wanatakiwa wawe na hela, ndiyo, na wanaweza kuulizwa, ila kwa kuanzia wanaaminiwa. China imo kwenye orodha hiyo, Brazil imo, Mauritius imo. Tanzania haimo. Kijana wa Port Louis anasema hela ipo na safari inaendelea. Kijana wa Mbagala lazima mama yake asizike.

Wataalamu wa huko watanijibu kwamba orodha hupangwa kwa rekodi za waliotangulia, nani alibaki na nani alirudi, na kwamba waliotuharibia ni ndugu zetu wenyewe. Huenda. Nami nina wangu wa kulaumu hapa nyumbani. Wazazi tunaosubiri barua ya udahili ndipo tutafute cheti cha RITA. Benki zetu zinazotuletea vijana wa mauzo hadi mlangoni na kadi za kila rangi, lakini sijaona hata moja iliyokaa ikabuni akaunti ya elimu ambayo michango ya ukoo inaingia moja kwa moja kwa jina la mwanafunzi, inafungwa hadi siku ya safari, na stetimenti yake inaonyesha nani alituma nini tangu kidato cha kwanza. Soko lipo. Kundi letu la WhatsApp lina watu 46, na kila mmoja ana mtoto.

Mwanangu chuo kilimsogeza hadi Januari. Shemeji alilaza hela upya, siku 28 kamili na tatu za tahadhari. Katika siku hizo mzigo wa madira ya sikukuu uliingia na hakuununua. Mwenzake wa fremu ya pili aliununua, na hadi leo wakikaa kwenye kahawa shemeji anamtajia faida ile kwa shilingi na senti. Viza ilitoka.

Mimi nimejifunza upande wangu. Nimemfungulia akaunti binti yangu aliye kidato cha pili, kwa jina lake na jina la mama yake, herufi zote nimezikagua. Hadi jana ilikuwa na laki tatu na nusu. Jana usiku mke wangu ameuliza kama tunaweza kuazima humo laki mbili, tumalizie mabati ya Chanika kabla ya masika.